Sihaba Asomee Wapi Uuguzi?

Mzee Mikidadi alikuwa fundi cherehani mjini Bagamoyo. Kila asubuhi bintiye Sihaba alimtungia uzi kwenye sindano, maana macho ya mzee yalikuwa yameanza kuchoka. Watoto wengine walikwisha kuhama. Sihaba ndiye aliyebaki, na alipomaliza shule mwaka 1971 alisema jambo moja tu: "Baba, nataka kuwa nesi."

Barua ikaja. Alikuwa amepata nafasi katika shule ndogo ya uuguzi, huko bara, kwa miaka mitatu.

Mzee Mikidadi aliisoma mara mbili, akaikunja. "Huko ni mbali mno. Na shule yenyewe jina lake sijapata kulisikia. Nani atakuajiri? Dar es Salaam kuna chuo kipya. Miezi tisa tu, na kila Ijumaa utakuja nyumbani."

Mkewe, Biubwa, akacheka. "Sema kweli, mume wangu. Hutaki akae mbali nawe."

"Basi hilo nalo ni kosa?"

Jioni alipita jirani yao Bi Thuraya, mkunga wa hospitali.

"Shikamoo, Bi Thuraya," alisema Sihaba.

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso umekunjamana?"

Sihaba akamweleza. Bi Thuraya akavuta kigoda, akaketi.

"Ndugu yangu Mikidadi, mimi nilisoma katika hospitali ya vitanda arobaini. Jina lake hata ukitajiwa hulijui. Na kazi nimeipata. Wanaoajiri hutazama kwanza kama muuguzi ameandikishwa na Baraza la Wauguzi. Baraza huandikisha waliofaulu mtihani na kutoka shule linazozitambua. Kisha hutazama kama mikono yake inajua kazi."

"Na hicho chuo cha Dar es Salaam?"

"Sikijui. Nenda kaulize. Je, Baraza linakitambua? Wanafunzi wanafanya mazoezi hospitali gani? Na waliomaliza, leo wako wapi?"

Jumatatu baba na binti wakapanda basi. Chuo kilikuwa vyumba viwili juu ya duka la vyombo. Mkuu wa chuo aliwapokea kwa bashasha, akawaonyesha kitanda kimoja na mwanasesere mkubwa aliyelazwa juu yake.

"Barua ya Baraza mnayo?" aliuliza Mzee Mikidadi.

"Iko njiani, mzee."

"Na mazoezi?"

"Watazoea wakishaajiriwa."

"Waliomaliza wako wapi?"

Mkuu wa chuo akaanza kupanga makaratasi. Msichana aliyeketi karibu na mlango, akisubiri kumwona mkuu, ndiye aliyejibu. Jina lake Kibibi.

"Mimi nilimaliza mwaka jana, mzee. Nimepeleka cheti hospitali tatu. Kote nimeambiwa sijaandikishwa, wala siwezi kuandikishwa." Akashusha sauti. "Mama yangu anadhani nimeshaanza kazi."

Mzee Mikidadi akamtazama, akaona kama anamtazama bintiye mwenyewe. "Njoo Bagamoyo, mwanangu," alimwambia. "Uliza fundi Mikidadi. Jirani yangu atakueleza jinsi ya kuomba shule inayotambuliwa."

Basi lilipofika Mapinga, njiani kurudi Bagamoyo, alimgeukia bintiye. Akasema, "Utakwenda bara, mama."

Sihaba akamshika mkono.

Miaka mitatu ilikuwa mirefu kwa mzee. Kibibi alikuja kweli, na mwaka uliofuata naye akapata shule. Sihaba alifaulu mtihani, akaandikishwa, akaomba kazi hospitali ya Bagamoyo.

Matroni, mkuu wa wauguzi, alikagua karatasi zake. "Umezalisha wangapi?"

"Arobaini na wawili, na kwa kila mmoja mwalimu ametia saini. Tulikuwa wanafunzi wachache, kila mtu alipata zamu."

"Utaanza Jumatatu," alisema matroni.

Jumanne, Mzee Mikidadi alifunga duka mapema, akavaa kanzu safi, akaenda hospitali. Alimkuta Sihaba akimfunga mtoto bendeji. Akapita mbele ya watu wote moja kwa moja.

"Baba, unaumwa?"

"Kichwa kidogo."

Sihaba akatabasamu. "Basi panga foleni, baba. Hawa wametangulia."

Watu wakacheka. Mzee Mikidadi akarudi nyuma, akaketi mwisho wa benchi.

"Pole, mzee," alisema mama mmoja. "Unaumwa nini?"

"Siumwi kitu," alijibu. "Nesi yule ni mwanangu. Nimekuja kumtazama akifanya kazi."