Vyuma vya Ijumaa

Cheche alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Jina lake halisi lilitajwa na mkewe tu, tena siku akikasirika. Karakana yake ilipakana na ya fundi seremala. Katikati palikuwa na ukuta wa mabati wenye matundu. Kila Cheche alipotaka kuwasha mashine, alipaza sauti, "Macho!" Seremala akageuza uso ili mwanga usimuumize.

"Jirani, siku moja utanipofusha, nianze kutengeneza vitanda vya miguu mitatu," seremala alimtania.

"Mbona ulishaanza, na macho unayo!"

Seremala aliswali msikitini. Cheche aliimba besi kwenye kwaya ya kanisa. Walikuwa majirani kwa miaka tisa, na ugomvi wao mkubwa ulikuwa juu ya vumbi la mbao.

Jumapili moja, katikati ya ibada, jiwe lilivunja dirisha la kanisa. Kipande cha kioo kikamkata binti yake Cheche juu ya jicho. Mama yake alikuwa muuguzi wa zahanati, akamshona mwenyewe nyuzi tano.

Nje ya kanisa, mtu mmoja alisema ameona kijana mwenye kofia akikimbilia upande wa msikiti. Kufika jioni, kijana yule mmoja alikuwa amegeuka kundi zima midomoni mwa watu.

Jumatatu asubuhi, mwenyekiti wa vijana wa kanisa aliingia karakanani. Alizungumza kwa sauti ya chini.

"Nataka vyuma arobaini. Virefu kama mkono, vichongoke mwisho. Ijumaa, wakitoka kuswali, tutawasubiri."

Cheche alianza kukunja waya wa mashine.

"Ni kazi ya Bwana, Cheche. Au umesahau uso wa mwanao?"

Hapo ndipo alipomshika pabaya. Cheche alikuwa hajalala vizuri tangu Jumapili. Kila akifumba macho aliona damu kwenye gauni jeupe.

"Nitatengeneza," alisema.

Jumanne alikata vyuma kumi na viwili, akavichongoa. Siku hiyo alisahau kupaza sauti. Seremala alipigwa na mwanga, akaja akifikicha macho.

"Leo vipi, jirani? Na hivi vya nini?"

"Vigingi vya hema," Cheche alidanganya. Hakumtazama usoni.

"Binti anaendeleaje? Mke wangu anataka kuja kumwona."

"Anaendelea."

Seremala akarudi kwenye mbao zake.

Jumatano alifika mwinjilisti wa kanisa. Alikuwa mama wa makamo, mwepesi wa mguu na mkali wa ulimi, anayezunguka mtaa mzima kwa baiskeli. Alileta komeo la lango lililovunjika. Kabla hajalitoa kwenye kikapu, aliona vyuma vimeegemezwa ukutani. Akachukua kimoja, akagusa ncha yake kwa kidole.

"Hiki si kigingi, kaka."

Cheche alimweleza yote. Alieleza kwa hasira, kama mtu anayejitetea mahakamani.

"Wamemwaga damu ndani ya nyumba ya Mungu!" alimalizia. "Tukae tu? Si tunamtetea Kristo?"

Mwinjilisti alivuta kigoda, akaketi.

"Usiku aliokamatwa Yesu, mwanafunzi wake mmoja alichomoa upanga. Alikuwa na sababu kubwa kuliko yako. Alimwona Bwana wake mwenyewe anakamatwa. Akamkata mtumishi mmoja sikio. Yesu alifanya nini?"

Cheche aliijua habari hiyo tangu utotoni. Alijibu polepole. "Alimwambia aurudishe upanga. Akaliponya sikio."

"La nani?"

"La adui."

"Basi. Kama yeye mwenyewe hakutaka kutetewa kwa upanga, atataka dirisha lake litetewe kwa vyuma vyako?"

"Lakini Mwinjilisti, zamani si kulikuwa na Wakristo waliopigana vita vya dini?"

"Walikuwepo. Walibeba msalaba, wakaua watu, wakasema ni kwa ajili ya Mungu. Hatuna haja ya kuwaficha. Walikosea. Ukiua mtu huku unamtaja Yesu, bado umeua, na jina lake umelichafua."

"Kwa hiyo tunasamehe, yanaisha?"

"Nani kasema yanaisha? Kusamehe si kunyamaza. Mimi jana nilikwenda polisi nikaandikisha maelezo. Aliyerusha jiwe ana jina lake na kosa lake. Lazima ajibu, lakini ajibu yeye. Ijumaa mtampiga nani? Mtajuaje? Mtampiga kila mwenye kofia?"

Kupitia matundu ya mabati ilisikika randa ya seremala ikienda na kurudi.

Jioni alimweleza mkewe. Alidhani atapata wa kumuunga mkono.

"Baba watoto," mkewe alisema, "zahanati yetu ina vitanda sita. Unaniletea watu arobaini?" Akaondoka kwenda kumsafisha binti kidonda.

Alhamisi asubuhi Cheche alipita upande wa pili wa mabati. Alisema haraka, asije akabadili nia.

"Vile si vigingi. Vilikuwa vya kuwapiga nyinyi, kesho, mkitoka kuswali. Nilikubali kuvitengeneza. Nisamehe."

Seremala aliweka randa chini. Akafuta vumbi mikononi.

"Mimi huswali safu ya mwisho, karibu na mlango," alisema. "Ningekuwa wa kwanza kutoka."

Kisha akavaa viatu. "Twende kwa imamu."

Waliwapitia mwinjilisti na mchungaji wa kanisa, wakaenda wote wanne. Imamu alikuwa amekwisha kuanza kuuliza. Kijana aliyerusha jiwe alikuwa amejulikana. Aligombana na wanakwaya juu ya kelele za vipaza sauti, akalipiza kwa jiwe. Hakutumwa na mtu. Siku hiyo hiyo baba yake alimpeleka kituoni mwenyewe.

Mchana mwenyekiti wa vijana alikuja kuchukua mzigo. Alikuta Cheche amevikata vyuma vyote vipande vifupi.

"Umetuuza!" alifoka. "Huna imani wewe!"

"Imani ninayo," Cheche alisema. "Vyuma ndivyo sina."

Ijumaa, baada ya swala, mchungaji alisimama nje ya msikiti pamoja na imamu. Imamu alisema jiwe lile lilikuwa dhambi. Mchungaji alisema waliopanga kulipiza nao walipanga dhambi, na kwamba walikuwa watu wake. Watu walisikiliza, wakaenda makwao kula. Halikutokea la zaidi.

Baadaye viongozi wa pande zote mbili walikubaliana jambo moja. Ukizuka uvumi, kabla ya mtu yeyote kuinua mguu, watapigiana simu na kuuliza. Namba zao zilibandikwa kwenye mlango wa kanisa na wa msikiti.

Miezi mitatu ikapita. Siku moja uvumi ulienea sokoni kwamba Wakristo wamempiga mtoto wa madrasa hadi kuzimia. Imamu alimpigia mchungaji. Wakafuatilia. Mtoto alikuwa ameanguka kutoka juu ya ukuta. Aliyemwokota na kumkimbiza zahanati mgongoni, shati lote likilowa damu, alikuwa mwenyekiti wa vijana.

Tangu siku ile ya vyuma, mwenyekiti alikuwa hamsalimu Cheche. Kesho yake baada ya uvumi ule alikuja karakanani na kiti kilichovunjika, fremu ya chuma na kikalio cha mbao. Alisimama mlangoni, akakiweka chini.

"Fremu ni yangu," Cheche alimwambia. "Kikalio, mwone jirani."

Mwenyekiti alikibeba kiti chake, akazunguka upande wa pili wa mabati. Cheche alimsikia akipiga hodi, kisha akaisikia sauti ya seremala: "Karibu, ndugu. Pangusa vumbi, uketi."