Wali Chapwa

Siku Muhsina alipoposwa tulikuwa uani Matrah, huku Omani, tunakuna nazi. Muhsina ni mtoto wa mamdogo wangu. Tulitoka naye Unguja mwaka wa sitini na nne, roho mkononi, na Kiarabu chetu cha kuombea maji tu. Mposaji ni Sleyum, muuza vitambaa, mtu mpole, watu wote wanamsifu. Jirani yetu Mahbuba, mwenyeji wa hapa, akatunong'oneza kwamba mke wake wa kwanza ni mughayyaba.

"Ghaibu, yaani hayupo!" Muhsina akanifasiria, akacheka mpaka akajikata kidole gumba kwenye meno ya mbuzi. Kovu lile halikumtoka tena.

Basi tukajua kasafiri, au kaachwa. Tukaozesha.

Ndoa haikuwa mbaya. Ila kila mchana Sleyum alitaka sahani ya wali chapwa, hata punje ya chumvi isiguse. Anapanda nayo mwenyewe chumba cha juu, anafunga, ufunguo kiunoni. "Tumbo langu," alisema. Tumbo gani, na chini anakula papa mkavu kwa chumvi yake?

"Dada Nasriya, kanifichia mwanamke," Muhsina alinambia, machozi yanamtoka. "Kesho nnatia chumvi. Nimsikie atakavyopiga kelele."

Akatia. Sleyum akaipeleka sahani juu, akaenda dukani. Muhsina akasimama chini ya ngazi.

Juu mtu akakohoa. Mwanamke. Akauliza kwa Kiarabu, taratibu: "Niko wapi?"

Mlango ukasukumwa. Ukavunjika. Akashuka, mkono ukutani. Puani ana pamba. Masikioni ana pamba. Wallahi, pamba za maiti. Akamtazama Muhsina, akapita, akatoka nje juani. Hakuna aliyemuona tena.

Muhsina alikuja kwangu mbio, hana viatu. Nikamwita Mahbuba. Alipoyasikia akajiziba mdomo.

"Si niliwaambia? Mughayyaba! Wachawi wanamchukua mtu, nyinyi mnazika kitu kilichofanana naye. Yeye yuko hai, anatumikishwa, analishwa chapwa. Akionja chumvi anazinduka."

Kumbe! Neno moja tu, na sisi tulikuwa tunacheka.

Jioni Sleyum akaja. Hakugomba, hakupandisha sauti. "Twende nyumbani, mke wangu. Pale juu hapakai patupu."

Nilimlilia kaka yangu Majid, ndiye aliyemuozesha, asimtoe. Akasema mke ni wa mumewe, na maneno ya uchawi ni ya wanawake. Tungekimbilia wapi? Unguja haturudi, hapa hatuna mtu. Muhsina alining'ang'ania vidole mpaka Majid akamtoa kimoja kimoja. "Dada, usiniwache," alisema. Nikabaki mlangoni nalia kama mtoto.

Juma halikwisha tukaitwa. Kafa usingizini.

Tulimuosha mimi na Mahbuba. Uso wake, nywele zake. Nikashika kidole gumba cha kulia. Nikashika cha kushoto. Nikavisugua kwa maji.

Kovu hakuna.

"Huyu siye," nikasema.

"Nyamaza," Mahbuba akanong'ona. "Aliyeosha maiti hasemi alichokiona."

Ndivyo tulivyofunzwa, na ndivyo hata Majid alivyonijibu nilipomwendea. Wanaume wakabeba jeneza. Mmoja akasema, maskini, jepesi.

Baada ya matanga nikasikia Sleyum kahama, wengine wanasema kaenda mji wa Qurayyat. Nilifunga chumvi kwenye pindo la kanga, nikaenda nyumba yake ile ile mchana kweupe. Mlango ulikuwa wazi. Vyumba vyote vitupu, na cha juu kimefagiliwa.

Jikoni nilikuta mbuzi ya nazi, na machicha bado mabichi. Mtaa ule hakuna aliyepika kwa nazi ila sisi. Juu ya mafiga palikuwa na chungu cha wali wa nazi, cha moto bado, umepikwa vile anavyopika Muhsina, na iliki moja katikati. Niliita jina lake nyumba nzima, hakuitika mtu. Nikarudi chunguni, nikatia tonge mdomoni.

Ulikuwa chapwa.