Mgeni wa Inchi Thelathini na Mbili

Ile runinga ilikuwa na joto, na haikuwa imechomekwa popote. Nesi Laurensia aliweka kiganja mgongoni mwake akasikia uvuguvugu, kama wa mgongo wa mtu aliyelala. Waya wake ulikuwa umeviringishwa na kufungwa kwa mpira, umewekwa juu ya meza.

"Mbona ina moto?" aliuliza.

"Ni jua tu, sista," alijibu Ogweno, mwenye duka.

Jua lilikuwa upande wa pili wa barabara. Laurensia aliliona hilo, lakini hakuwa na nguvu ya kubishana. Alikuwa ametoka zamu ya usiku kituo cha afya, akapanda gari kutoka Kerende, upande wa Nyamongo, mpaka Tarime mjini bila kugusa kitanda. Macho yalimwasha kama yametiwa mchanga, na duka hili lilikuwa la nne asubuhi hiyo.

Inchi ishirini na nne mama yake asingeiona, kwa sababu jicho moja lilishaingia ukungu. Arobaini na tatu ingejaza ukuta mzima, tena bei yake ilikuwa ya wenye maduara, yale mashimo ya dhahabu, si ya watumishi wa serikali. Kutoka kitandani kwa mama mpaka ukutani ni hatua nne, alizipima mwenyewe, na kwa hatua nne kila muuzaji alimwambia inchi thelathini na mbili. Mpya ilimshinda. Hii ilikuwa imetumika na haikuwa na boksi, lakini picha yake ilikuwa safi, king'amuzi kilikubali, remoti ipo, na bei ni nusu.

"Hiyo kitu iko sawa kabisa," Ogweno alisema. "Ililetwa na mchimbaji wa huko kwenu Nyamongo. Si unawajua? Wakipata jiwe zuri leo, kesho wanataka kubwa zaidi."

Kweli, ile ilikuwa miaka ambayo dhahabu ilimwaga vitu vijijini. Tivii za chogo zilitupwa nje, kuku wakatagia ndani yake, na kila nyumba yenye umeme ikataka ya bapa ukutani. Laurensia alilipa. Wakati wa kuifunga, Ogweno aliigeuza kioo kitazame ukuta kwanza, ndipo akaivisha blanketi, na mikono yake ilifanya haraka.

Mama yake, bibi Agustina, aliletwa kutoka Muleba mwaka mmoja nyuma, baada ya kupooza upande wa kushoto. Huko kwao alizoea majirani wa Kihaya waliomletea ndizi na maneno. Hapa Kerende aliletewa ugali na kimya. Kila siku Laurensia alirudi asubuhi, akamwosha, akamlisha, kisha akaanguka kitandani chumba cha pili mpaka saa tisa. Saa kumi na moja alikuwa tena amevaa sare. Mwenye nyumba, mama Waisiko, Mkurya wa makamo, alikuwa akipita mchana na uji, lakini naye alikuwa na shamba lake na ng'ombe wake.

"Nimekuletea mtu wa kukaa naye," Laurensia alimwambia mama siku ile, akiwasha runinga.

Mama alicheka kwa nusu ya mdomo iliyobaki. "Karibu, waitu, mwenzetu," aliiambia runinga. "Karibu ukae."

Wiki ya kwanza ilikuwa neema. Mama alitazama taarifa ya habari, kwaya, mpira ambao hakuuelewa. Alianza kumaliza sahani. Laurensia alilala usingizi mzito bila kuamka kusikiliza kama mama anaita, na akajiambia kwamba hela ile haikupotea.

Wiki ya pili, siku ya Jumanne, umeme ulikatika mchana. Laurensia alijua kwa sababu feni ilisimama na jasho likamwamsha. Alikuwa akigeuza mto aliposikia, upande wa pili wa ukuta, sauti ya mwanamume ikizungumza taratibu. Ilinyamaza. Mama akajibu kitu. Sauti ikaendelea.

Aliinuka, akafungua mlango wa mama. Kioo kilikuwa cheusi. Mama alikuwa ameegemea mto, uso umetulia.

"Mama, ulikuwa unaongea na nani?"

"Na kijana."

"Kijana gani?"

"Huyu wa kwenye tivii. Ana heshima. Amenipa pole ya ugonjwa."

Chumbani kulikuwa na harufu ya mawe mabichi na baruti, ile ambayo wachimbaji huingia nayo wodini kwenye nguo zao. Laurensia alifungua dirisha. Alikuwa nesi wa miaka kumi na minne, alijua damu ikiziba kichwani mgonjwa huweza kusikia watu wasiokuwepo. Alimpima mama presha, akaandika, akarudi kulala. Usingizi ulimchukua kabla hajamaliza kuogopa.

Siku nne baadaye mama Waisiko alimgongea saa saba mchana. Alikuwa ameshika bakuli tupu na kanga yake imelowa uji.

"Sista, amka. Bibi amejifunza lini Kikurya?"

"Hajui hata salamu, mama."

"Anakiongea," alinong'ona mama Waisiko, akitazama nyuma yake. "Tena si cha sisi wa sasa. Ni kile cha bibi zangu. Nimeingia na uji, hajanitazama. Anamwambia mtu: sogea, kuna nafasi. Anamwambia: hapa chini kuna joto, juu kuna baridi na watu hawakai." Aliweka bakuli chini. "Halafu akanyamaza kumsikiliza. Nami nikasikia mtu anavuta pumzi, sista, na bibi alikuwa amefunga mdomo."

Laurensia alimpigia Ogweno. Simu iliita mara nyingi kabla haijapokelewa.

"Kweli nitakuambia," alisema Ogweno, sauti imeshuka. "Kabla yako niliuza kwa watu wawili, wote wakairudisha. Hawakusema sababu, na mimi sikuuliza. Huyo mchimbaji alisema mke wake alikaa mbele ya hiyo tivii mpaka akakataa kuinuka. Akamzika, akaileta kwangu, akahama. Nisamehe, dada yangu. Nilifikiri kwa nesi itatulia."

Laurensia alikata simu. Alitaka kuing'oa ukutani saa ileile, lakini zamu ilikuwa inakaribia na kituoni walikuwa wawili tu kwa wodi nzima. Aliifunika kwa shuka, akamwomba mama Waisiko akae na bibi, akaondoka.

Kesho yake aliporudi shuka lilikuwa chini, limekunjwa vizuri pembe kwa pembe. Mama Waisiko, aliyekesha kitini, aliapa hakuligusa. Alikwenda nyumbani kwake kupika uji, naye Laurensia akasema atafumba macho dakika tano tu, kisha watafute mtu wa kuwasaidia.

Alipofumbua macho jua lilikuwa limekaa katikati ya paa, bati likilia kwa joto, na nyumba ilikuwa na ile harufu ya mawe na baruti nzito kiasi kwamba aliionja ulimini. Akaita mama, mama hakuitika. Akafika mlangoni, akausukuma, akaona kitanda kitupu, shuka zimeburutwa mpaka sakafuni, na mama yake, ambaye kwa mwaka mzima hakuweza kugeuka ubavu bila mikono ya mtu, ameketi chini mbele ya runinga, miguu ameikunja kama msichana, mkono wa kushoto, ule uliokufa, ameubandika juu ya kioo cheusi na kucha zake zimejaa tope la kijivu. Na ndani ya kioo hicho, ambacho hakikuwa na umeme wala picha, Laurensia alikiona chumba chote kama kilivyo, kitanda, dirisha, yeye mwenyewe mlangoni na gauni lake la kulalia, mama ameketi, na pembeni ya mama, bega kwa bega, mtu mwingine aliyejikunyata magoti kidevuni, shingo imeinama kama inavyoinama ya aliyezoea dari fupi, mwili mzima unang'aa kwa tope. Akatazama sakafuni hakuona mtu, akarudisha macho kwenye kioo akamwona. Na yule mtu, bila kugeuka, akasogea kidogo, akapigapiga sakafu upande wake wa pili, taratibu, kama anavyofanya mwenyeji anayemwonyesha mgeni pa kukaa.

Hiki ndicho kilichomtisha Laurensia maisha yake yote, kila alipokumbuka: hakutaka kukimbia. Alitaka kukaa. Miguu iliyokuwa imesimama wodini miaka kumi na minne ilimwambia, kaa. Mgongo ukamwambia, kaa. Alipiga hatua moja, akapiga ya pili, sakafu ya saruji ikawa na uvuguvugu mzuri chini ya nyayo, magoti yakaanza kukunjika yenyewe.

"Sista!" Mama Waisiko alikuwa mlangoni na sufuria. "Sista Laurensia, usikae! Usikae!"

Aliidondosha sufuria. Uji wa moto ukamrukia Laurensia kisigino, naye akapiga kelele, akaamka. Wakasaidiana kumrudisha mama kitandani, kisha mama Waisiko akampigia simu mganga.

Mganga alifika jioni ileile kutoka Nyanungu kwa pikipiki, mzee mwembamba wa koti kubwa aliyeitwa Matiko. Alikuwa anakohoa. Kitu cha kwanza alichoomba ni kiti.

"Shikamoo, tata," Laurensia alisema.

"Marahaba. Nipe na maji." Alikunywa yote. "Tangu watu waanze kugombania mawe, mimi silali. Wiki hii nyumba ya tano. Wanakwenda kuomba shimoni wasichokijua, wanapewa, halafu wananiita mimi." Alitazama runinga kwa muda mrefu bila hasira. "Ndiyo. Ni wa ndani ya mwamba huyu. Yule mchimbaji alimwomba amwonyeshe dhahabu, akaahidi kumpa pa kukaa ndani ya nyumba yake. Akampa hapo kwenye kioo, mahali ambapo kila mtu hukaa mbele yake."

"Anataka nini, tata? Damu?"

"Angetaka damu ningemaliza mapema. Anataka wa kukaa naye. Kule chini hakuna mtu." Alikohoa tena. "Mimi nitamfungia njia asirudi. Lakini kumtoa siwezi. Nani alimkaribisha?"

Mama aliinua mkono wa kulia. "Mimi," alisema kwa Kiswahili. "Nilimwambia karibu."

"Basi mwambie aende, bibi."

"Sitaki."

Matiko alikuwa ameshaanza kunyunyiza majivu kizingitini. Aliacha.

"Mama," Laurensia alipiga magoti kando ya kitanda. "Atakuua."

"Wewe unarudi asubuhi unalala," mama alisema polepole, bila lawama, kama anayeeleza hali ya hewa. "Jioni unavaa unaondoka. Huyu hakai saa moja akaondoka. Huyu anakaa. Ananiuliza habari za Muleba. Wewe umeniuliza lini?"

Laurensia aliweka kichwa juu ya godoro, akalia, si kwa sauti, kwa mabega tu. Hakuwa amelia tangu alipohamishiwa huku, kwa kukosa nafasi.

Mkono wa mama ukatua juu ya nywele zake.

"Umechoka, mwanangu."

"Nimechoka, mama."

"Na leo mchana alikuonyesha pa kukaa. Nilimwona. Mimi nimeshaishi. Lakini wewe, hapana. Hilo sikumwambia."

Aligeukia kile kioo cheusi, akasema kwa Kihaya, kwa upole aliokuwa akisindikizia wageni kwao, kwamba amekaa vizuri, ameshukuru, na sasa aende kwao. Pazia la mlangoni lilipanda kama linalopishwa na bega. Harufu ilipita karibu na Laurensia, ikatoka. Mama alipumua, na mkono wake wa kushoto, uliokuwa umekunjwa ngumi, ukafunguka ukaanguka.

Kabla jua halijazama Matiko aliifunga runinga kwa ngozi ya kondoo, akaipeleka kwenye duara lililoachwa nyuma ya kilima. Hakuivunja. Aliiteremsha kwa kamba mpaka kamba ikalegea, akaiachia.

Laurensia alimwendea daktari mkuu wa kituo cha afya akaomba zamu za mchana, na akamwambia kwamba akikataliwa ataacha kazi. Alipewa. Jioni alikaa na mama, wakaongea Muleba, migomba, nani aliolewa na nani. Siku nyingine alisinzia katikati ya neno, na mama alimwacha asinzie. Uchovu haukuisha, ila ulipungua ukawa wa binadamu.

Wiki ya sita, lile duara la nyuma ya kilima liliporomoka. Wachimbaji walikuwa wameingia humo kinyemela, maana ilisemekana kuna jiwe, na mmoja wao akafukiwa. Siku mbili wenzake walifukua, na siku ya tatu asubuhi wakamtoa hai. Aliitwa Elkana, mtu mzima wa watoto watatu, na wodini kila aliyemwona alishangaa alivyotulia. Laurensia alimsafisha majeraha ya miguu.

"Pole sana," alimwambia. "Siku mbili gizani, peke yako."

"Sikuwa peke yangu, sista."

Mkono wa Laurensia ulisita. Waliomleta walisema wazi kwamba aliyefukiwa ni mmoja.

"Kulikuwa na jamaa humo tayari," Elkana aliendelea. "Mpole. Alinisogelea, tukakaa. Angekuwa hayupo, mimi nisingekuwepo." Alimtazama usoni, kama anayehakikisha anwani. "Ni wewe sista Laurensia? Ameniagiza nikusalimie. Anauliza bibi anaendeleaje."

Ilikuwa saa nane mchana, siku ndefu, wagonjwa arobaini wameshapita mikononi mwake. Mdomo wake ulijibu salamu kama ulivyozoea kujibu salamu, kabla akili haijafika.

"Mwambie hajambo."

Elkana aliitikia kwa kichwa, kama mjumbe anayejua kazi yake. Kisha akageuza uso upande wa ukuta, akayarudia maneno hayo kwa sauti ya chini.