Barabara za Ngamiani

Msako ulianzia kwenye robot, kama Johannesburg wanavyoziita taa za barabarani, zikiwa nyekundu, mahali wachuuzi walipobanana zaidi. Askari walipindua meza ya soksi, wakamkanyaga aliyekuwa akiziokota, wakaendelea mbele na rungu. Mayasa, muuza vitenge kutoka Tanga, alipigwa begani. Alitupa mzigo akakimbia. Ushungi wake ulibaki mkononi mwa askari.

Mlango wa saluni ulikuwa wazi. Mtu alimvuta ndani, akamkalisha kwenye kiti, akamfunga kitambaa cha plastiki shingoni.

"Inamisha kichwa. Usipumue kama mwizi."

Aliyesema hivyo alikuwa Murielle, msusi kutoka Bukavu, mwanamke mrefu mwenye ovaroli ya bluu na hereni moja tu. Askari walipochungulia, mstari wa kwanza ulikuwa umeshasukwa. Waliona mteja, wakapita.

Mayasa alijitazama kwenye kioo. "Umenisuka nini?"

"Mistari ya kwenda nyuma. Nilikuwa na haraka, mama."

"Kwetu hii tunaiita twende kilioni! Mtu akifiwa ndivyo anavyosukwa, mbio mbio. Umenizika, dada."

"Uko muzima bado. Unacheka hata."

Bega lilikuwa limevimba, lakini kweli alikuwa akicheka. Alifuata mistari kwa kidole. "Halafu imefanana na Ngamiani. Mitaa yetu Tanga imenyooka hivi hivi, na ina namba. Sisi tulikaa barabara ya sita."

"Basi urudi Jumamosi. Nitakusuka Ngamiani yote."

Alirudi Jumamosi hiyo, na iliyofuata. Kufikia Juni, mswaki wake ulikuwa chumbani kwa Murielle, nyuma ya saluni.

Murielle alikuwa na kazi nyingine ambayo wateja wengi hawakuijua. Alikuwa katika kundi la wasanii Weusi waliokodi ghorofa ya kiwanda kilichofungwa: wanawake wanaopenda wanawake, wanaume wanaopenda wanaume, watu waliokataa jinsia waliyopewa walipozaliwa. Denise, mpiga picha kutoka Soweto aliyeliongoza kundi, alimtaka kila mmoja aonyeshe mji ulioachwa nyuma. Murielle aliamua kusuka vichwa. Kichwa cha Mayasa kingekuwa Tanga: siku ya maonyesho angekaa kitini mbele ya watu, Denise akimpiga picha.

"Nipigwe picha kwa nyuma tu," Mayasa alisema. "Sura siitoi. Mama akiniona, nimekwisha."

"Nyuma inatosha, chérie, mpenzi wangu. Niko napenda shingo yako."

"Muongo. Juzi ulisema nina shingo ya kuku."

"Na kuku anapendwa."

Siku mbili kabla ya maonyesho, Murielle alitoka kununua rasta. Ignace, kaka yake, mlinzi wa ghala Midrand, alifungua mlango kwa ufunguo wake na kumkuta Mayasa peke yake.

"Ni wewe uliniharibia dada."

"Shemeji, hebu tukae..."

"Usiniite shemeji!"

Alimpiga ngumi ya mdomo, kisha ya sikio. Mayasa alipoanguka, alimkalia mgongoni, akachukua mkasi wa Murielle, akakata mstari mmoja mmoja karibu na ngozi. Mkasi uliteleza, ukamchana kutoka utosini hadi nyuma ya sikio. Mayasa aliupata mkono wake, akaung'ata mpaka meno yakagota.

Ignace alipojinasua, aliinua ufunguo. "Yeye mwenyewe alinipa huu. Amekuchoka. Ondoka."

Mayasa aliutazama ufunguo, akaamini. Alitoka damu ikimwingia machoni.

Murielle aliporudi, sakafu ilikuwa imepigwa deki na nywele ziko kwenye pipa.

"Amezikata mwenyewe," Ignace alisema. "Picha zenu zinamutia haya."

Murielle alikumbuka maneno ya Mayasa kuhusu sura yake. Naye akaamini. "Na hii bandeji ya mukono?"

"Mbwa ya kazini."

Alipiga simu usiku ule na kesho yake kutwa, zilikatwa zote. Asubuhi ya maonyesho, Mayasa alipokea.

"Ungesema tu hautaki," Murielle alisema. "Sababu gani ukate?"

"Nikate nini?"

"Nywele. Ignace aliniambia."

"Mkono wake umepona?"

"Alisema ni mbwa ya kazini."

"Niliung'ata mpaka mfupa. Akanionyesha ufunguo. Akasema wewe ndiye uliyempa."

"Ule ufunguo alikuwa nao mbele hata nikujue!"

Ignace alifika saluni saa sita mchana. Birika la maji ya kuchovyea rasta lilikuwa likichemka.

"Fungua hiyo bandeji," Murielle alisema.

"Ya nini?"

Aliivuta mwenyewe. Meno yalikuwa yameacha nusu duara.

"Nilikubeba mugongoni wakati ya vita!" Ignace alifoka. "Mugongoni, Murielle!"

"Ndiyo, ulinibeba. Sasa unishushe."

Ngumi ya Ignace ilimtoa jino. Murielle alimwagia maji yale mkononi, juu ya jeraha. Ignace alipiga magoti akipiga kelele. Wateja wawili walimburuta mpaka barabarani, na ufunguo uliomdondoka ukabaki ndani.

Jioni, ghorofani, kiti cha Murielle kilikuwa kitupu, kikiwa kimeupa ukumbi mgongo kama walivyopanga, ili sura ya Mayasa isionekane. Watu walikipita. Mayasa aliingia na gauni jekundu refu, kichwa kimenyolewa, nyuzi za kidonda zinaonekana.

"Jino liko wapi?" aliuliza.

"Ignace amelichukua. Mimi nimechukua hii." Murielle aliweka ufunguo kwenye kiganja chake. "Ni wako, mpenzi. Hakuna mwingine mwenye nao. Unabaki?"

Mayasa aliufumbata, akakaa kitini. "Haya, nipe Ngamiani yangu."

Murielle alichukua penseli ya wanja, akachora kichwani barabara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwenye kidonda mkono wake ulisita.

"Hii haiko ya Tanga."

"Iache. Hiyo ni ya Johannesburg."

Denise aliinua kamera nyuma yao.

"Subiri," Mayasa alisema. "Murielle, geuza kiti."