Kicheko cha Siku ya Sita

Saa ya ukutani ilianza kupiga ikiwa ndani ya mkoba, katikati ya foleni ya watu waliokuja kulalamikia kelele. Ngoo! Ngoo! Watu wakageuka. Mwenye mkoba alikuwa fundi saa wa kike, kavaa gauni la rangi ya ndimu, lenzi yake ya kazini ikining'inia shingoni kwa uzi mweusi. Aliukumbatia mkoba kama anayemziba mtoto mdomo, lakini saa haikujali. Ndiyo maradhi yaliyoileta kwake: ikianza kupiga haijui kukoma.

"Dada, umekuja kulalamika au kulalamikiwa?" aliuliza karani wa dirishani, mama wa makamo mwenye miwani mbili, moja machoni na moja aliyoisahau kichwani.

Foleni nzima ikaangua kicheko. Mwanamume mrefu aliyesimama pembeni, shati jeupe na suruali iliyopigwa pasi mpaka mkunjo wake ungekata mkate, akachomoa kifaa cha kupimia sauti chenye kichwa cha sponji na kukielekeza kwenye mkoba.

"Sabini na moja," alisema taratibu. "Kwa ofisi ya umma, imezidi."

"Nitozeni faini basi!"

"Mimi kazi yangu kupima tu, dada. Wa faini wana meza yao."

"Usimkasirikie," karani akaingilia. "Huyo ndiye Bwana Kipimo, ndiye atakayekuja kwako. Haya, tujaze fomu. Kelele za nini?"

"Bustani ya mabembea."

"Idadi ya wakazi nyumbani?"

"Mmoja."

"Mmoja na nani?"

"Mama alifariki mwaka juzi. Andika mmoja."

Bwana Kipimo akatazama ncha za viatu vyake. Saa mkobani nayo ikanyamaza, kwa adabu au kwa kuchoka.

Fundi Saa aliishi ghorofa ya tatu, dirisha lake uso kwa uso na treni ya juu ya ile bustani. Kila alasiri treni ilipanda ikinung'unika, ikasita kileleni, kisha ikajitupa chini na watu thelathini wakipiga mayowe. Msinione mwongo: maziwa ya mtaa ule yaliganda bila kuachwa yagande, na kasuku wa jirani alisahau maneno yote aliyofundishwa, akabaki na moja tu alilolisikia kutwa: "Nishusheni!"

Kwa wengine ilikuwa kero. Kwake yeye iligusa riziki. Saa inayochechemea haionekani kwa macho, husikika. Unaiweka sikioni, unasikiliza inapokwama. Wateja wake waliingia baada ya kazi zao, alasiri, na ndio wakati treni ilipopiga kelele. Alikwisha kurudisha saa tatu zikiwa mbovu kuliko zilivyoletwa. Kama mambo yangeendelea vile, angeifunga meza aliyoachiwa na baba yake, na zaidi ya meza ile hakuwa na kitu duniani kinachomngoja asubuhi.

Kupima kelele kuna masharti yake. Siku saba, kila siku saa moja, kuanzia saa kumi hadi kumi na moja jioni. Kifaa hukaa dirishani. Chumbani mtu haongei, hapiki, hakohoi, na saa zote husimamishwa. Sauti ya ndani ikinaswa siku moja tu, juma zima linatupwa.

Basi wakakaa watu wawili wasiojuana, viti viwili, kimya. Siku ya kwanza Fundi alitazama ukuta. Siku ya pili alitazama kalamu nne zilizopangwa mfukoni mwa yule bwana. Siku ya tatu aligundua kwamba soksi zake hazilingani, moja nyeusi na moja ya buluu iliyokolea, akajiuma mdomo asicheke. Kifaa kilipozimwa, tak, maneno yakamwagika.

"Wewe mtu wa vipimo, soksi hukuzipima?"

"Taa ya chumbani kwangu imeungua."

"Na hapo kwako hakuna wa kukuambia?"

"Angekuwepo, dada, ningekuwa navaa hizi?"

Akamtilia chai. Wakazungumza mpaka chai ikapoa, akatia nyingine. Alipoondoka, Fundi aliosha vikombe viwili, na akakawia kidogo kukifuta kile cha pili.

Jioni ya siku ya nne simu ya Fundi ililia. Alikuwa Bwana Kipimo.

"Umefika?"

"Nimefika. Hebu sikiliza."

Fundi akasikiliza. "Sisikii kitu."

"Ndiyo nyumba yangu hiyo. Nimeipima. Desibeli thelathini na moja. Hata maktaba inanizidi."

"Maskini mwenzangu! Nunua redio."

"Ninayo. Nikiizima ndipo pabaya."

Fundi naye alikuwa na redio.

Siku ya sita, zimebaki dakika mbili saa iishe, treni ilikwama kileleni. Abiria, kwa mshangao, wakanyamaza. Mtaa mzima ukatulia kama umeshika pumzi, na katika utulivu ule kasuku wa jirani akapaza sauti kwa niaba yao: "Nishusheni!"

Fundi Saa akacheka. Si kile kicheko cha kufichwa kiganjani. Hiki kilitoka mahali palipofungwa tangu siku ya mazishi. Alicheka mpaka lenzi ikatumbukia kwenye kikombe, mpaka machozi yakamtoka, na yule bwana naye akatikisika mabega, uso kauficha kwenye mkono wa shati. Kisha Bwana Kipimo akatupa jicho kwenye kifaa, na tabasamu likamfia. Hakungoja chai.

"Kesho?" Fundi aliuliza mlangoni.

"Nitakupigia, mpenzi," alisema, akashuka ngazi haraka.

Neno lile lilimlaza Fundi macho wazi. Lakini kesho hakuja, wala kesho kutwa. Ikaja barua. Fundi akaifungua palepale ngazini, akasoma ukurasa wa kwanza: *Sauti ya juu kabisa iliyonaswa katika juma: kicheko cha mlalamikaji, sabini na tisa. Vipimo vimetupwa. Malalamiko yamefutwa.* Akaichana vipande vinane, akapiga simu.

"Umeandika kicheko changu!"

"Kilisikika."

"Mstari mmoja tu! Ungeufuta nani angejua?"

"Ningeufuta, ningekuwa nimeandika kwamba hukucheka."

"Usinitilie asali masikioni. Watu wa bustani wamekupa nini? Tiketi za bure? Utapanda na nani, wewe usiye na mtu?"

Upande wa pili ukawa kimya. Thelathini na moja kamili.

"Umesoma yote, mpenzi? Ukurasa wa—"

"Mpenzi wako nani? Usinipigie tena!"

Hii ndiyo taabu ya kumpenda mtu wa masharti: ukimwambia asipige, hapigi.

Wiki mbili baadaye treni ikasimama, geti likafungwa. Kimya alichokiomba Fundi kikaja bila hodi na kujaza chumba. Saa zikasikika zote. Kila iliyochechemea aliijua, na wateja wakaanza kurudi. Lakini alisikia na mengine: kijiko kikigusa sahani moja, bomba likidondosha tone, kiti cha dirishani kikilia chenyewe jua lilipokipiga saa kumi, kana kwamba kuna aliyekikalia. Hata kasuku alinuna. Fundi alijikuta akiziachia saa zote zipige pamoja, kumi na tisa, apate tu wa kumjibu.

Siku ya kumi na moja ya kimya kile akaenda ofisini.

"Treni imezimwa na nani?" alimuuliza karani.

"Watu huja hapa kushtaki kelele, wewe waja kushtaki kuzimwa kwake? Kwani hukusoma ukurasa wa pili?"

"Niliichana."

"Ee Mungu wangu, hawa watoto." Karani akatafuta miwani, akaikuta usoni, akachomoa jalada na kumsukumia nakala.

*Kosa la siku ya sita ni langu. Mpimaji alicheka pia. Hata hivyo, siku tano za kwanza nilisikia chuma kikisaga chuma. Mpira wa magurudumu umeisha. Nashauri treni ikaguliwe. Naomba mlalamikaji huyu, akirudi, apewe mpimaji mwingine, kwa kuwa mimi nikiwa pale sisikii tena sawasawa.*

Fundi akausoma mara mbili. Ya tatu herufi zilikuwa zimelowa.

"Yuko wapi?"

"Kaomba mwenyewe apelekwe kupima mashine za kusaga. Anarudi mweupe kama mzuka, hasemi na mtu."

"Nipe fomu."

"Ya kelele gani tena?"

Fundi akaandika mwenyewe. Aina ya kero: *ukimya.* Unatoka wapi: *kiti cha dirishani.* Tangu lini: *siku ya sita.* Idadi ya wakazi: *1.* Karani akasoma, akakohoa, akagonga muhuri kwa nguvu iliyovuka sheria zote za ofisi.

"Kanuni hazisemi lolote juu ya ukimya," alisema. "Kwa hiyo namtuma nimtakaye."

Alikuja saa kumi kamili, unga wa mahindi nyusini, soksi bado hazilingani. Hawakusalimiana, masharti ni masharti. Akaweka kifaa dirishani, akaketi kwenye kiti chake. Saa nzima wakatazamana.

Tak.

"Ishirini na tisa," alisema kwa sauti ya kukwaruza. "Umenizidi kwa ukimya. Nilidhani mimi ndiye wa mwisho."

"Nilikutukana vibaya."

"Ulisema kweli. Sina mtu."

Nje, kwa mara ya kwanza tangu ifungwe, treni ya juu ikapanda kwa majaribio, tupu, magurudumu mapya yakiteleza kwa mnong'ono. Ikasita kileleni. Kasuku akajikohoza kama mhutubiaji, akapaza sauti: "Nishusheni!"

Wakacheka wote wawili, na safari hii hakuna aliyeuficha uso. Bwana Kipimo akajifuta macho, unga ukawa tope, kisha akaivuta fomu magotini.

"Hapa pameandikwa idadi ya wakazi, mmoja. Nipaache hivyo hivyo?"

Fundi akazichungulia zile kalamu nne mfukoni mwake. Akachagua penseli, akampa.

"Andika wawili," alisema. "Kwa penseli kwanza. Wino tutautia ukija na wazee wako. Na soksi zinazolingana."