Mtoto wa Cely

Kila asubuhi Verlene aliwasha jiko la kuni, akapika uji mzito wa mahindi, akala na bibi yake, kisha akaenda shule. Tangu mama yake alipozikwa, msimu wa kuchuma pamba, alifanya kila kitu vilevile, bila kulia na bila kucheka. Watu walimsifu kuwa ni mtoto jasiri. Jasiri wapi. Moyo ulikuwa umekufa ganzi tu.

Ilikuwa Februari ya mwaka 1951, na kama kila Februari, Mwalimu Tolliver alifundisha historia ya watu weusi. Vitabu vikuukuu walivyoletewa na ofisi ya elimu ya wazungu vilisema watumwa wa jimbo lao la Georgia waliishi raha mustarehe.

"Walioandika hivi hawakutuuliza," alisema mwalimu. "Nendeni nyumbani mkaulize nyinyi. Kila mmoja aniletee habari za mtu wa ukoo wake."

Verlene hakumuuliza mtu. Ukianza na bibi habari za wafu, mwisho mtafika kwa mama, na huko hakutaka kufika. Akakaa akatunga: Cely, mama yake bibi, alitoroka utumwani akavuka mto uliofurika, watoto wawili mgongoni. Darasa zima likapiga makofi. Mwalimu akamchagua asimulie kanisani Jumapili, mbele ya wazazi wote.

"Wawili mgongoni?" Roscoe, jirani yake wa dawati, alimnong'oneza. "Huyo bibi au punda?"

Verlene hakucheka wala hakukasirika.

Jumamosi bibi alikuwa akimsuka nywele. "Hebu nisikie hayo ya kesho," alisema. Verlene akasimulia. Mikono ya bibi ikasimama.

"Mama yangu hakutoroka hata siku moja. Nani kakwambia hayo?"

"Hakuna, Bibi. Nimetunga."

Bibi akaendelea kusuka, taratibu. "Kabla yetu sisi alikuwa na mtoto, Josiah. Mzungu aliyemmiliki mama alimuuza mtoto angali mdogo. Uhuru ulipokuja, mama akawa anazunguka makanisani, anawaomba wachungaji wamsomee tangazo: mwanangu Josiah, ana kovu kidevuni, aliyemwona aseme. Kafa hajampata."

"Alikuwa analia?"

"Sikumwona. Alifua, akapika, akaenda kuuliza. Ndiyo yalikuwa machozi yake hayo."

Kitu kikamchoma Verlene kifuani, kama mguu wenye ganzi unapoanza kuamka. Akavaa koti, nywele zimesukwa nusu, akaenda nyumbani kwa mwalimu.

"Mwalimu, nilidanganya. Yale ya mto nimeyatunga."

Mwalimu Tolliver alimwingiza ndani, akafunga mlango. "Unajua wakaguzi wananitafutia sababu ya kunifukuza? Wakinasa uongo mmoja, watasema yote ninayowafundisha ni porojo."

"Nisamehe. Mpe mwingine nafasi yangu."

"Ya kweli unayo?"

"Ninayo. Lakini haina mto. Na mwisho wake Cely hampati mtoto."

"Basi utasema hiyohiyo."

Kanisani Verlene alisimama mbele, akaanza mbiombio. "Usiwe na haraka, mwanangu," akina mama walimwitikia. Akasimulia bila kutia chumvi, mpaka kwenye tangazo la Cely: "Mwanangu Josiah, ana kovu kidevuni. Aliyemwona aseme."

Mzee mmoja akainuka kwenye kiti cha nyuma. "Shangazi yake mama yangu, Lettie, naye aliuzwa. Naomba jina lake litangazwe." Akainuka mwingine na jina lake, na mwingine. Verlene akalitangaza kila jina kwa sauti, huku machozi yakimtoka kwa mara ya kwanza tangu mazishi, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Nje, Mwalimu Tolliver alimshika bega. "Wengine wametudanganyia historia yetu vya kutosha, Verlene. Sisi tusiwasaidie, hata kwa kuipamba. Leo ungesimulia ule mto, watu wangepiga makofi wakaenda zao kula, na Josiah angepotea mara ya pili."