Keren na Kuku wa Mama Henriette

Kila asubuhi Éliane alifagia uwanja, kisha akatandika mkeka kivulini, kando ya ukuta. Hapo ndipo palipokuwa shule ya watoto wake, Keren na Jacob. Shule yao ya kweli ilikuwa imefungwa, kwa sababu maji ya ziwa yalipanda hadi ndani ya madarasa. Baba yao, Wilfried, alifanya kazi mbali, huko Bendera, kwenye kituo cha umeme, naye alirudi nyumbani Kalemie mwisho wa mwezi tu. Basi Éliane ndiye aliyekuwa mwalimu.

Alifundisha kama alivyofundishwa yeye. Aliandika kwa chaki kwenye ubao mdogo, na watoto wakaimba alichoandika. Jacob aliimba vizuri. Keren, mwenye miaka minane, aliimba huku macho yake yakiwa uani kwa jirani.

"Mama, kwa nini kuku ya Mama Henriette anatembea kama mulevi?"

"Soma."

"Mabawa yake yanaanguka."

"Keren, nimesema soma."

Siku hiyo Mama Henriette, jirani yao, alikuja kuomba kaa la moto. Keren akamwambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba kuku wake mwekundu atakufa, na baada yake atakufa yule mwenye madoadoa. Mama Henriette alicheka. Alisema mtoto huyu ana mdomo mkubwa kuliko tumbo lake.

Kesho yake kuku mwekundu alikufa. Kisha akafa mwenye madoadoa.

Sasa Mama Henriette hakucheka. Hakuingia uwanjani kama alivyozoea. Alisimama nyuma ya uzio wa matete.

"Mama Keren, ninakuuliza kwa upole. Mutoto yako anaona wapi kifo ya vitu vya watu?"

Éliane alijibu kwamba ni maneno ya kitoto tu. Lakini aliogopa. Alijua swali la namna hiyo linaelekea wapi. Leo ni kuku. Kesho mtoto wa mtu atashikwa na homa, na watu watataja jina. Katika mtaa wa nyuma, msichana mmoja aliitwa mulozi, yaani mchawi. Watu wa maombi, wanaodai kutoa uchawi, walimfungia ndani bila chakula, wakisema wanamwombea. Sasa alilala sokoni, na mama yake alipita mbali naye.

Habari ilitangulia kufika bombani. Éliane alipokuja na bidon yake ya maji, wanawake walisogea kando. Mmoja alimvuta mtoto wake karibu. Mwingine alimwambia kwamba watu wa maombi watapita kwake Jumamosi, kumtazama Keren.

Éliane alirudi nyumbani mbio. Alimshika Keren mabega, akamkataza kuuliza kitu, akamkataza hata kuangalia kitu. Keren akakaa mkekani, uso ukutani. Hakuuliza tena. Hakuimba tena. Kimya chake kilimtisha Éliane kuliko maswali yake yote.

Kisha mtoto akanong'ona, "Mama, ni mimi njo niliwaua?"

Éliane alijifunga kitenge chake, akaenda moja kwa moja kwa Mama Odile, mwalimu wa darasa la Keren. Alimweleza yote. Mama Odile hakungoja. Alikuja naye, akamwita Mama Henriette pia, naye mwenyewe akavua viatu na kuketi mkekani. Halafu akauliza swali ambalo hakuna mtu aliyekuwa ameliuliza.

"Keren, ulijuaje?"

Mtoto alimtazama mama yake. Mama Henriette alibaki nyuma ya uzio, akasubiri, mikono kifuani. Éliane aliona kwamba neno moja baya likitoka, mtoto wake atapotea.

"Mujibu mwalimu," alimwambia.

Keren akaeleza polepole. Kabla ya mwekundu alikufa kuku mwingine wa Mama Henriette, aliyetoka sokoni. Mabawa yake yalianguka, shingo ikapinda, choo chake kikawa kijani, ndipo akafa. Mwekundu alikuwa anakunywa naye katika sufuria moja. Mwekundu naye akaangusha mabawa. Na mwenye madoadoa alikuwa analala kando ya mwekundu.

"Njo ile tu?" aliuliza Mama Henriette. "Hakuna ingine?"

"Njo ile tu, Mama."

Mama Odile akawaambia kwamba huo ni ugonjwa wa kuku, nao hupita katika maji na katika choo. Wagonjwa watengwe. Waliokufa wazikwe ndani sana. Sufuria ioshwe, mikono pia, na daktari wa mifugo aitwe, aseme lini wazima wachanjwe. Aliwakumbusha pia kwamba sheria ya nchi inakataza kumwita mtoto mulozi.

Kisha akamgeukia Éliane.

"Mama Keren, mutoto akiuliza, usifunge mulango. Umuulize ameona nini. Hesabu utaiweka ndani ya swali lake, na kuandika pia. Atasoma siku nzima bila fimbo. Ukinyamazisha swali, woga ya watu itajibu pa nafasi yako."

Tangu hapo masomo yalianza namna nyingine. Éliane aliuliza, "Leo munataka kujua nini?" Watoto walihesabu kuku wazima na kuku wagonjwa, wakafanya hesabu ya kutoa. Waliandika ubaoni: *Kuku mgonjwa akae mbali.* Jacob alitaka kujua sabuni inafanya nini kwa uchafu, na asubuhi nzima ikaishia kwenye beseni. Hata hivyo, kila jogoo alipowika, Éliane alihesabu siku zilizobaki hadi Jumamosi.

Jumamosi ikafika. Mama Henriette alimwita Keren kwenye uzio. Kuku mmoja mweusi alikuwa amesimama peke yake.

"Na huyu? Atakufa?"

Wakati huohuo watu wa maombi walitokea njiani. Walisikia swali, wakasimama. Éliane alitoka mlangoni.

Keren alichuchumaa. Alitazama mabawa, shingo, na choo chini.

"Sijui, Mama Henriette. Tuangalie kwanza."

Mama Henriette akachuchumaa upande wake wa uzio. Mmoja wa wale watu akasema wamekuja kumchukua mtoto, wamwombee.

"Mutoto iko kwa masomo," Mama Henriette alijibu bila kugeuka. "Na mimi pia."